Mkoba wa Kwendea Baharini

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili ni la vipimo. Kurasa za mbele zimejaa mabegi ya shule, mikoba ya akina mama, na mfuko wa gitaa la mtu ambaye mpaka leo hajarudi kuuchukua. Za nyuma zilikuwa tupu. Dada ameniagiza niandike humo habari za mkoba wake tangu siku ya kwanza, kwa sababu, anasema, mimi husikiliza kwa sikio moja kisha nashona ninachotaka mwenyewe. Hapo hajanisingizia.

Kwa hiyo naandika. Amekuja asubuhi, akakaa kwenye kiti cha wateja, na nilikata uzi, nikabadilisha sindano na kutia mafuta cherehani kabla hajapata pumzi ya kunisalimia. Kutoka barabarani mpaka kibandani kwangu ni hatua ishirini na tatu za kupanda. Mwaka jana alikuwa akizipanda huku ananigombeza.

"Sindano," akasema. Jina hilo alinipa mwenyewe nikiwa mtoto, kwa ajili ya wembamba. Sasa nina miaka hamsini na mbili, wembamba umekwenda zake, jina limebaki. "Nishonee mkoba wa kwendea baharini."

Dada ana miaka sitini na moja. Miaka thelathini na moja alikuwa dobi katika hoteli wanayolala wasafiri wakitoka pwani. Amefua taulo nyingi za ufukweni kuliko mtu yeyote ninayemjua, na bahari yenyewe hajaitia machoni. Anaijua kwa mchanga. Kila suruali iliyopita mikononi mwake aliigeuza mifuko nje akaikung'uta. "Nimekung'uta mchanga wa kila mtu," ndivyo asemavyo, "ila wangu." Alistaafu mwaka jana, na mwaka huohuo moyo ukaanza kuchoka. Kuchoka ni neno la daktari. Mimi sikulipenda.

Ameshapanga kila kitu. Safari ni tarehe 20, kabla mvua hazijashika kasi. Binti yake, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine, atakuja na gari. Tutakaa siku nne. Mambo ni matatu: kupanda mnara wa taa, kuvuka kwa boti mpaka kisiwani, na kutia miguu baharini. Mkoba uwe mmoja, ufae kwa yote matatu.

Hapo ndipo tulipogombana. Yeye anataka kikapu cha kusukwa, mdomo wazi, mchanga upenye chini wenyewe. Mimi nikasema kikapu ni cha nyanya. Baharini ni turubai, zipu, mshono mara mbili, maji yasiingie.

"We mtoto, nani kati yetu amefua nguo za watu wa baharini?"

"Na nani kati yetu ni fundi?"

Tumefika mapatano kama nchi mbili. Turubai, sawa. Ila mdomo uwe mpana, mtu aingize mkono mpaka begani bila zipu kumparura. Kitako kiwe bapa na kigumu, mkoba usimame wenyewe mchangani. Na juu ubavuni kuwe na mfuko wa vitu vikavu, dawa na vitambulisho, kwa sababu ameona vitambulisho vingi vilivyolala na nguo mbichi vikaamka na ukungu. Haya ya mfuko ni maneno ya akili, ingawa sikumwambia.

Jumanne, 3 Machi

Nimekata karatasi ya ruwaza, ya kukatia turubai. Zipu ninazo.

Ijumaa, 6 Machi

Tumechagua turubai. Nilimtolea la buluu, zuri, zito. Akalikataa. "Bahari buluu, mkoba buluu, nikiuweka chini nitauonea wapi?" Amechagua la njano. Jirani yangu, fundi viatu, akachungulia kutoka kibanda chake akasema kwa mkoba huo hata meli zitatuona. Mtaa mzima tunamwita Gundi, maana hakuna kitu duniani ambacho yeye haamini kinaweza kuponywa kwa gundi.

"Shikamoo, Dada," akasema. "Na mimi mnanichukua?"

"Marahaba. Tukikuchukua nani atabaki kugandisha watu?"

Dada alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi kilikaa kidogo zaidi ya kicheko.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Imewahi.

Alhamisi, 12 Machi

Mkoba umesimama. Ni mzuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifia. Kilichobaki ni mtihani wa maji.

Fundi aliyenifunza kazi hii, mzee mkali asiyecheka hata siku ya malipo, alikuwa na sheria moja: mkoba wa maji hautoki kibandani kabla haujajazwa maji pomoni na kutundikwa msumarini tangu asubuhi mpaka jioni, chini yake gazeti. Gazeti likikutwa kavu, mpe mwenyewe. Likikutwa na tone, fumua. Nimeifuata sheria hiyo miaka ishirini na minane, na ndiyo maana watu wananijia.

Jioni gazeti lilikuwa na matone matatu, yote kwenye pembe ya kulia ya kitako. Nikafumua.

Gundi alikuwa amesimama mlangoni anakwepa mvua. "Matone matatu tu, Fundi. Ungepitisha gundi hapo ndani ukaenda zako nyumbani."

Nikamwambia gundi ni ya wasiojua kushona.

Jumatatu, 16 Machi

Nimempeleka Dada kliniki. Tumekaa kwenye benchi kwa saa tatu. Daktari ni kijana, mpole, anatazama karatasi zaidi kuliko watu. Akasema moyo hausukumi inavyotakiwa, ndiyo maana maji yanabaki miguuni na kifuani. Ameongeza vidonge. Akasema asipande ngazi.

Tulipotoka nje Dada akasimama kando ya ukuta, mkono kiunoni, kama anayengoja mtu.

"Mnara wa taa una ngazi ngapi?" akauliza.

"Nitajulia wapi?"

"Futa mnara. Mnara ni mnara tu, hata humu mjini minara ipo." Tukaenda hatua chache. "Unaona mambo, Sindano? Wewe unahangaika maji yasiingie mkobani, mimi yameshaingia."

Alitaka nicheke. Nikacheka.

Jumatano, 18 Machi

Nimemwambia Dada tusogeze safari. Mvua zimeharibu barabara, mkoba bado, na yeye avizoee vidonge vipya kwanza. Tarehe 10 Aprili itakuwa bora. Akasema, "Wewe ndiye fundi."

Jioni binti yake amenipigia simu. Yeye ana sauti ya wauguzi, haipandi hata akiwa na hasira.

"Mama Mdogo, barabara nimeulizia, inapitika. Msingoje."

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama Mdogo, nisikilize. Mimi wagonjwa wa moyo nawaona kila siku."

Nikamwambia mkoba unavuja. "Nitakununulia mkoba dukani," akasema. Nimeudhika sana. Nimeudhika mpaka sasa ninapoandika. Mkoba wa dukani mkanda wake unakatika hata hujafika unakokwenda, na huyu dada ni wangu kabla hajawa mama yake.

Ijumaa, 20 Machi

Leo ndiyo ingekuwa siku ya safari. Mvua imenyesha tangu alfajiri, nikafurahi, kwa sababu imenipa haki.

Mtihani wa pili: matone saba. Pembe ileile, na sasa hata pembe ya kushoto. Nimefumua kitako chote.

Jumamosi, 21 Machi

Mabegi matano ya shule, yote zipu. Miavuli miwili.

Alhamisi, 26 Machi

Viatu vya Dada havimwingii tena. Leo amekuja na ndala za mumewe marehemu, na hata hizo zimemkata juu ya vidole. Gundi alipoona akatoka kibandani, akapiga magoti, akamchora miguu yote miwili kwenye boksi kwa penseli. Mchoro wa kila mguu ulikuwa mpana kama wa mwanamume mwenye maumbile makubwa.

"Hii si miguu yangu," Dada akasema anautazama mchoro.

"Ni yako ya msimu huu, Dada," Gundi akamjibu. "Mvua zikiisha utaniletea mingine."

Jioni viatu vilikuwa tayari, vya wazi, vya mkanda mpana, laini. Vilimkaa. Ameunganisha nyayo kwa gundi na hakuona haya hata kidogo kulisema hilo.

Yaani Gundi ametengeneza viatu kwa siku moja, na mimi mkoba mmoja unakwenda wiki ya nne. Nimeliandika hili na nimelitazama, halafu nikaendelea na kazi.

Jumatatu, 30 Machi

Dada hakuja. Amepiga simu kusema yuko sawa, ni uvivu tu. Dada hajawahi kuwa mvivu hata siku aliyofiwa na mume. Aliwafulia wageni wa msiba mashuka.

Alhamisi, 2 Aprili

Mtihani wa tatu. Matone sikuweza kuyahesabu. Gazeti limelowa lote, na mkoba ulikuwa unatoka jasho kwenye mishono yote ya chini. Nimebadilisha uzi, nimetumia sindano nyembamba zaidi, nimeshona mara tatu pale pa mara mbili. Nimemlaumu muuza turubai mpaka nikampigia simu nikamtolea maneno. Akaniambia amewauzia hilo hilo wenye malori na hakuna aliyelalamika.

Nimefumua. Vidole vinaniuma.

Jumapili, 5 Aprili

Nimekwenda kwa Dada. Kisiwa nacho kakifuta. Alikuwa ameandika mambo matatu nyuma ya kalenda ya ukutani, na la pili sasa lina mstari juu yake ulionyooka, wa rula. Limebaki la kutia miguu. Nikamwambia kisiwa tutakiendea mwakani. Akaniangalia kama anavyoniangaliaga nikiwa nimevunja kitu na kukificha.

Jumanne, 7 Aprili

Leo nitaandika mengi, kwa kuwa sina la kufanya kwa mikono.

Nilikwenda kwa Dada na mkoba, ingawa kitako chake kilikuwa kimeshikwa kwa pini tu. Nilitaka kumpima mkanda. Mkanda wa begani haupimwi mezani, hupimwa mwilini. Unamsimamisha mtu, unapitisha utepe begani, unaushusha mpaka kwenye nyonga, hapo ndipo mkoba unapolala bila kumpiga magotini. Watu wanaolikosea hilo mikoba yao huchapa miguu ya wenyewe njia nzima.

Nilimkuta amekaa kitandani, ameegemea mito minne. Chumba chake ni kilekile, pasi juu ya kabati, nguo zimekunjwa kwa pembe kama za hoteli. Anasema akilala chali anazama. Analala hivyo hivyo, ameketi, na hakuniambia. Wiki mbili sasa. Mimi nilikuwa kibandani nafumua.

Nikamwambia asimame kidogo, nimpime. Nikatoa utepe.

"Jipime wewe," akasema.

"Mkoba ni wako, Dada."

"Jipime wewe, Sindano. Utaubeba wewe."

"Nitakubebea safarini, ndiyo. Lakini ukifika kule..."

"Nikifika kule utaubeba wewe. Tukirudi utaubeba wewe. Na ukienda tena, kisiwani, mnarani, utaubeba wewe. Kipimo changu hakina kazi." Alivuta pumzi. Sasa anavuta pumzi katikati ya sentensi, kama mtu anayepanda kilima cha maneno. "Mwanzo nilikwambia kikapu. Kikapu ningekinunua sokoni siku ile ile, tungekwenda. Nikaona unang'ang'ania turubai, nikasema mwache, ashone, ana hofu. Ukiwa na hofu unashona. Mama alipofariki ulishona mapazia ya nyumba nzima na nyumba ilikuwa na madirisha matatu."

Nikasema, "Sina hofu."

"Basi mimi ninayo. Mimi naogopa, mdogo wangu. Naogopa nitakufa nikiwa nimekung'uta mchanga wa watu tu."

Tangu tumezaliwa Dada hajawahi kuniambia anaogopa. Angemwogopa nani, sisi tukiwa tunamwogopa yeye? Nilikaa sakafuni na utepe mkononi, nikalia kwa sauti, na yeye akanyoosha mkono akanipapasa kichwa, akasema nisimlowanishie viatu vyake vipya.

Kisha akanishurutisha nisimame, akanipima mwenyewe, ameketi vilevile. Sentimita mia moja na kumi na sita. Naiandika hapa kama alivyoagiza: mkanda, 116, kipimo cha Sindano.

Jumatano, 8 Aprili

Nimempelekea Gundi mkoba. Niliuweka juu ya meza yake, katikati ya visigino.

Akaugeuza ndani nje, akauinua kwenye mwanga wa mlangoni. Akaniita nije nitazame. Kitako kizima kilikuwa na vitundu vinavyopitisha mwanga, safu juu ya safu, kila safu ya mshono niliofumua.

"Turubai si kitambaa, Fundi," akasema taratibu. "Kitambaa ukifumua nyuzi zake zinarudi kuziba. Turubai ukilitoboa limetoboka. Kila ulipofumua uliyaachia maji mlango mpya. Mshono wako wa kwanza ndio uliokuwa mzuri kuliko yote."

"Matone matatu," nikasema.

"Matone matatu."

Nilikuwa nayajua hayo. Naapa nilikuwa nayajua, nimewafundisha hayo hayo wanafunzi wawili. Lakini mkono ulipokuwa unafumua, kichwa kilikaa kando. Mkoba ukiisha, tunaondoka. Tukishaondoka, tutarudi. Na tukirudi hakutakuwa na kitu kingine cha kungojea na Dada wangu. Hayo ndiyo niliyokuwa nashona na kufumua wiki tano.

Nikamwambia Gundi aweke gundi yake. Hakunicheka, na tangu leo sitamcheka. Amekata kipande kipya cha turubai, amekibandika ndani chini kizima, pembe hadi pembe, akakandamiza kwa nyundo ya mpira. Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema, na alikuwa anausema mkoba tu.

Alhamisi, 9 Aprili

Umeshinda msumarini umejaa maji. Gazeti kavu. Nimempigia simu binti wa Dada nikamwambia, "Njoo." Akasema ameshaomba ruhusa kazini tangu juzi.

Jumatatu, 13 Aprili

Safari. Tumeondoka mapema, Dada kiti cha mbele, mito mitatu. Ndani ya mkoba: taulo mbili, alizozipiga pasi binti yake kwa maelekezo ya mama yake, kanga, chupa ya maji, mafuta ya kujipaka, kofia. Mfuko wa juu: dawa, vitambulisho, daftari hili. Dada alipanga mwenyewe, mkoba umesimama kitandani kwa kitako chake bapa, na alipoingiza mkono mpaka begani bila kuparurwa na zipu akanitazama na kutikisa kichwa kukubali. Ndiyo sifa pekee niliyopata kwake kwa kazi hii, na inanitosha.

Tumesimama njiani mara sita. Mvua imetusindikiza mpaka saa nane, ikatuacha.

Jumanne, 14 Aprili

Nyumba ya wageni ipo juu ya mwamba. Kwenye simu walimwambia binti kwamba ipo "baharini kabisa", na kweli ipo, bahari iko chini yake. Kufika mchangani ni ngazi arobaini na moja za mawe, nyembamba za kupita mtu mmoja. Nilizihesabu nikishuka na nikipanda, nikitumai nimekosea.

Nimekasirika, nimegombana na mama mwenye nyumba, maskini, ambaye hana kosa. Mlinzi wake, mtu wa miraba minne, akasema atambeba Dada mgongoni mpaka majini, yeye hubeba magunia. Binti akakataa: akibanwa kifua na kutikiswa ngazi zote hizo, pumzi haitafika chini. Dada naye akakataa, kwa sababu zake.

"Miaka yote nimebeba nguo chafu za watu mgongoni. Sitabebwa kama furushi mimi."

Ameketi barazani kwenye kiti cha mikono, ameifumbulia bahari macho. Nilimuuliza inaonekanaje.

"Kubwa," akasema. Kisha akaongeza: "Haitulii. Ningekuwa nayo kwenye beseni ningeikemea."

Jioni nilimwona anavua viatu vya Gundi, anaviweka pembeni sawasawa, miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, kama mtu aliye tayari. Alikaa hivyo mpaka giza. Nilijiambia tarehe 20 Machi alikuwa bado anazipanda hatua ishirini na tatu za kibandani kwangu, akipumzika mara mbili. Angezishuka hizi. Angezishuka akipumzika mara nne, na kupanda tungepanda hata kwa nusu siku. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimeyamwaga mimi, kwa sindano.

Jumatano, 15 Aprili

Nimeamka kabla yao. Nimetoa taulo, kanga, kofia, chupa, vyote nikaviweka kitandani. Nimechomoa daftari na dawa kwenye mfuko wa juu. Nikajivika mkoba mtupu begani, ukalala kwenye nyonga pale pale unapotakiwa, nikashuka.

Mchangani hapakuwa na mtu. Niliingia mpaka magotini na nguo zangu, nikafungua zipu, nikauzamisha mkoba. Wimbi likaujaza kwa mara moja likanivuta nao. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Mkanda uliingia begani kama kisu. Nikachota na mchanga kwa mikono, vitanga viwili, nikautia humo.

Ngazi arobaini na moja. Nilipumzika mara tano. Kila nilipopumzika niliangalia chini ya kitako, kwa mazoea, na mawe yalikuwa makavu.

Dada alikuwa barazani tayari, ameegemea mito. Nilisimamisha mkoba mbele yake. Ulisimama wenyewe. Nikaufungua mdomo wote, ule mdomo mpana alioutaka yeye, maji yakawa yanacheza ndani, yametulia kidogo, bado yana povu.

Hakuuliza ni nini. Binti yake alimshika mguu mmoja, mimi mwingine, tukaiinua, na nilikuwa nimewaza usiku kucha kama ile miguu itaingia, ilivyovimba. Iliingia yote miwili. Ikafika chini.

Alishtuka kwa ubaridi, akacheka, akashika mikono ya kiti. Niliona anavikunja vidole kule chini majini, anavikunjua, anavikunja.

"Kuna mchanga," akasema.

"Upo."

"Wa nani huu?"

"Wako, Dada."

Akalia hapo. Sijawahi kumwona Dada akilia, hata msibani, na sikumfuta machozi maana alikuwa anatabasamu nayo. Alikaa na miguu yake mkobani mpaka jua likafika barazani na maji yakapata uvuguvugu. Nikashuka nikaleta mengine. Nimeshuka mara nne leo, na kwa mara ya kwanza msimu huu sina ninachotaka kukirekebisha.

Alhamisi, 16 Aprili

Mara sita. Bega limevimba. Dada anasema sasa tunalingana.

Ijumaa, 17 Aprili

Tumerudi. Amelala njia nzima.

Jumamosi, 2 Mei

Dada amefariki leo asubuhi, ameegemea mito yake, binti yake akiwepo na mimi nikiwepo. Mvua ilikuwa inanyesha. Sina la kuandika.

Jumanne, 12 Mei

Gundi amefungua kibanda changu akafagia, akafunga.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua zimeisha. Leo nimefungua kazi.

Mteja wa kwanza, mama mmoja aliyevaa miwani ya jua, aliuona mkoba wa njano msumarini akaupenda. Anasafiri na wanawe baada ya wiki mbili, baharini na matembezi, anataka mmoja wa kufaa kote. Nilimwambia huo hauuzwi. Akataka nimshonee kama huo huo. Nikafungua daftari hili nikamsomea: mdomo mpana, kitako bapa, mfuko wa vikavu juu ubavuni. Nikamsimamisha nikampima mkanda.

"Utachukua muda gani?" akauliza.

"Kesho jioni njoo uuchukue," nikamjibu.

Alipoondoka niliushusha mkoba wa njano. Una harufu ya chumvi, na turubai likikaa na chumvi hukakamaa. Nilijua la kufanya, Dada alinifundisha nikiwa na miaka saba, nimesimama juu ya stuli kando ya beseni lake: kabla ya kufua kitu, kigeuze ndani nje, ukikung'ute. Nikafungua zipu, nikaingiza mkono mpaka begani. Chini kwenye pembe ya kulia, pale palipokuwa panavuja, kuna mchanga wa kujaa kijiko.

Nimeurudisha msumarini. Sijaukung'uta.